Kitui na Makueni: Ibada Inayovuka Kizingiti

Najua baadhi ya wasomaji wangu wa Pwani watakunja nyuso wakiona mada ya leo. Watauliza: huyu aliyelelewa chuoni, akahitimu msahafu mbele ya maalim wake, ana haja gani ya kutuandikia habari za Wakristo wa Ukambani? Jawabu langu ni fupi. Jirani unayemjua kwa uvumi hujamjua bado. Na Mkamba ni jirani yetu wa tangu na tangu. Kabla ya reli na kabla ya Mwingereza, misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremka na pembe mpaka bandarini Mombasa, na wazee wetu wakipanda bara kwa njia hiyo hiyo. Mji wa Kitui mpaka leo una Waislamu wake na adhana yake.

Basi nilipopata nafasi ya kuzunguka Kitui na Makueni, nilikwenda na swali moja. Wakristo wana neno wanalolipenda sana: mwanafunzi. Hawakusudii mtoto wa skuli. Wanakusudia mtu anayefuata mwendo wa bwana wake hatua kwa hatua. Sisi wanafunzi wa mwanzo wa Nabii Isa, alayhi salaam, twawajua katika Kurani kwa jina la Hawariyuna, wale waliosema kuwa wao ni wasaidizi wa Mwenyezi Mungu. Juu ya Isa mwenyewe ni nani, sisi na wao hatukubaliani, na sitajaribu kuyasuluhisha katika ukurasa wa gazeti yaliyowashinda wanazuoni kwa karne nyingi. Lakini mtu anayesema namfuata fulani, mwendo wake huonekana. Nilitaka kuuona huo mwendo, kwa kuwa wao husema umesimama juu ya mafiga matatu: huduma, mapenzi na sala.

WALIOTANGULIA

Habari yenyewe yaanzia kwetu. Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Miezi michache baadaye akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, na kaburi lile liko ng'ambo ya kisiwa hadi hii leo. Mwaka huo huo akaanza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa. Watu wengi hawalijui jambo hili. Kadhi hakubadili dini, na padri hakubadili yake. Walikaa pamoja wakafanya kazi ya maneno.

Mwaka 1849 Krapf alipanda Ukambani, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na kiongozi wa watu wa Kitui. Ni kutoka huko, tarehe 3 Desemba 1849, alipouona mlima Kenya na theluji yake, habari ambayo wataalamu wa Ulaya waliicheka kwa miaka. Aliporudi mwaka 1851, msafara wao ulivamiwa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, Kivoi akauawa, na Krapf akanusurika kwa kutembea usiku, akichukua maji ndani ya mtutu wa bunduki. Alirudi Pwani mikono mitupu.

Baada yake wakaja wengine. Mwaka 1891 Waskoti walipiga kambi Kibwezi, katika Makueni ya leo. Homa iliwamaliza, na mwaka 1898 misheni ile ikahamishiwa Kikuyu, ambako ndiko chimbuko la Kanisa la Presbiteri la leo. Mwaka 1895 kijana Peter Cameron Scott alishuka Mombasa na wenzake kutoka Marekani, wakaenda mpaka Nzaui, hapo hapo Makueni. Walifika Desemba, Desemba ya mwaka uliofuata Scott alikuwa kaburini, naye umri wake ni miaka 29. Wenzake, wengine waliaga dunia, wengine wakarejeshwa kwao na maradhi. Kisha ikaingia njaa kuu ya mwisho wa karne ile, ambayo Wakamba waiita Ngomanisye.

Ukihesabu kwa daftari la dukani, hiyo ni hasara tupu. Ila kutokana na Nzaui lilizaliwa Africa Inland Church, ambalo leo halina kijiji lisikofika katika Ukambani. Kwa upande wa Wakatoliki, mapadri wa Kiairishi wa shirika la Mtakatifu Patrick walichukua kazi ya Kitui, na mwaka 1963 Kitui ikawa jimbo kamili. Wasomaji wa Mombasa watamkumbuka Askofu Mkuu Boniface Lele, aliyefariki mwaka 2014. Yeye alikuwa Askofu wa Kitui kabla ya kuletwa kwetu mwaka 2005.

Sisemi kuwa wageni wale walikuja kwa mapenzi matupu. Mwaka ule ule wa 1895 aliofika Scott, Uingereza ilitangaza nchi hii kuwa chini ya himaya yake, na misheni na serikali zilitembea njia moja, mara nyingi zikiegemeana. Wazee wetu waliogopa kuwapeleka watoto katika skuli za misheni wasije wakarudi na majina mengine, na hofu ile haikuwa ya bure. Msaada wenye ndoana ndani tumeuona. Kwa hiyo jambo la kutazama si nani alileta chakula. Chakula huletwa hata na mwenye kuwinda. La kutazama ni nani alibaki baada ya chakula kwisha.

KIJIJI CHA MASUSU

Mwezi wa Novemba 1999 Rais Moi alitangaza kuwa ukimwi ni janga la taifa. Kufikia hapo vijana wa Ukambani, kama vijana wa kwetu, walikuwa wamekwisha zikwa kwa wingi. Wakaachwa watu wa namna mbili: wazee waliopoteza watoto wao, na watoto waliopoteza wazazi wao. Katikati hapakuwa na mtu.

Wakati huo Nairobi palikuwa na padri Mjesuti, Angelo D'Agostino, Mmarekani aliyekuwa daktari kabla ya kuwa padri. Mwaka 1992, pamoja na Sista Mary Owens wa shirika la Loreto, alianzisha nyumba ya watoto yatima wenye virusi, akaiita Nyumbani. Zilikuwa siku ambazo mtoto kama huyo hata jamaa zake walimkwepa. Mwaka 2001 padri huyo alitangaza kuwa ataagiza dawa za bei nafuu kutoka India, maana za makampuni makubwa hazikununulika. Skuli za serikali zilipowakatalia watoto wale nafasi, Nyumbani ilikwenda Mahakama Kuu, na mwanzoni mwa 2004 milango ikafunguliwa. Angalia, msomaji: huyu ni mtu wa sala, lakini hakuomba dua tu kuwa milango ifunguke. Alikwenda kuigonga.

Kazi yake ya mwisho ndiyo iliyonipeleka Kwa Vonza, katika Kitui. Hapo Halmashauri ya Kitui ilitoa ardhi ya ekari 1,000, na mwaka 2006 kikafunguliwa kijiji cha Nyumbani. Padri D'Agostino alifariki Novemba ya mwaka huo huo, na Sista Mary akaendelea na kazi.

Hesabu ya kijiji ni nyepesi. Kilikusudiwa watoto 1,000 na wazee 100. Bibi mmoja, ambaye Wakamba humwita susu, au babu mmoja, hupewa nyumba na watoto kama kumi. Wengine ni wajukuu wake wa damu, wengine hakuwajua kabla. Pana skuli, pana zahanati, pana mashamba ya mboga yanayonyweshewa maji kwa matone, na imepandwa miti ya mukau, mbao yake ije iuzwe ili kijiji kijitegemee.

Nilichokiona kikubwa hapo si majengo. Ni fikra yenyewe. Mahali pengi mayatima hukusanywa upande mmoja, wakalishwa na watumishi wa mshahara. Na wazee waliofiwa huachwa upande mwingine, wakaletewa gunia la unga panapo njaa. Hapa misiba miwili ilitiwa chini ya paa moja, na kila mmoja ukawa dawa ya mwenzake. Yule mtoto anaye mtu wa kumwamsha asubuhi na kumuuliza kwa nini hakunawa. Yule susu anayo sababu ya kuamka. Hakuna mpaji na mpewa; wote wanahitajiana.

Na tena nasema, si mzungu anayewalea watoto wale. Padri amekwisha kufa. Anayekesha usiku mtoto akishikwa na homa ni mwanamke wa Kikamba aliyezika wanawe mwenyewe. Kama katika habari hii pana mwanafunzi wa Isa, basi mimi kwa macho yangu ningemtafuta hapo kwanza, jikoni kwa susu, kabla sijamtafuta kwenye mimbari.

UKUTA MTONI

Makueni nilitembezwa na mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, ambaye huniita Maalim nami humwita Mwalimu. Alinipeleka kuona mto usio na maji. Mito mingi ya Ukambani ndivyo ilivyo: siku chache za mvua ni gharika, siku nyingine zote ni mchanga mweupe na nyayo za ng'ombe.

Wakamba wamejifunza kuutumia mchanga ule. Hutafuta mahali ambapo mwamba uko karibu, wakajenga ukuta wa saruji na mawe kukata mto. Mafuriko yakija, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta, na baada ya msimu mmoja au michache pakajaa hadi juu. Asiyejua hudhani bwawa limeharibika. Kumbe ndani ya mchanga ule robo ya ujazo wake au zaidi ni maji. Jua haliyanywi, mbu hawazai humo, na mchanga wenyewe huyachuja. Kwa Mkamba, aliyezoea kuona mkewe na binti zake wakitembea nusu siku kwa debe moja, hiyo ni hazina.

Jina linalotajwa sana ni la Joshua Mukusya, ambaye mwaka 1978, pamoja na mkewe na familia chache, alianzisha kikundi cha Utooni kule Kola katika Machakos, si mbali na Makueni. Kitui nako shirika la SASOL limekuwa likijenga kuta hizi tangu miaka ya 1990, na leo zahesabika kwa mamia. Miongoni mwa waliowasaidia ni Wamennonaiti, Wakristo ambao imani yao inawakataza kushika silaha. Shirika lao la misaada lilianza mwaka 1920 kwa kulisha wenye njaa huko Urusi. Mara nyingi msaidizi hutoa saruji na chuma. Mawe, mchanga na nguvu hutoka kwa wenyeji wenyewe kwa mwethya, yaani ule ujima wa Kikamba ambao wanawake ndio nguzo yake.

Tukiwa ukingoni nilimuuliza lile linaloulizwa mabarazani kwetu. "Mwalimu, semeni kweli. Mkimpa mtu maji, hamtaki aje kanisani?"

Akacheka. "Maalim, akija tutafurahi, sitakuficha. Lakini ukuta huu umeuona. Una mlango wa kumfungia mtu?"

Sikuwa na la kuongeza. Wanaochota hapo ni wa kanisa lake, na wa kanisa asilolipenda, na wasio na kanisa. Na sisi twafundishwa kuwa kunywesha maji ni katika sadaka bora, na kwamba kisima ni sadaka inayoendelea kuandikwa baada ya mtu kufa. Kwa hilo yule mwalimu na maalim wangu wa chuoni wangeelewana bila ya mkalimani.

SALA NA KAZI

Pana watu wa siku hizi wanaosema: jema ni jema, ya nini sala? Huko nilikozunguka sikuwakuta. Wakatoliki wa Kitui wana jumuiya ndogo ndogo, mpango ambao maaskofu wa Afrika Mashariki waliupitisha katika miaka ya 1970. Majirani hukutana mara kwa mara nyumbani kwa mmoja wao, wakasoma Injili, wakaomba. Baada ya dua huulizana: nani mgonjwa? Paa la nani linavuja? Mtoto wa nani amerudishwa kwa ajili ya ada? Kisha hupangana nani aende. Aliyefika kwa sala hatoki bila ya kazi, na aendaye kazini amekwisha kuombewa.

Nililipenda jambo hili kwa sababu lina kinga ndani yake. Mwenye kufanya wema kwa nguvu zake tu huchoka, au hujiona. Akichoka huacha, akijiona hudai shukrani. Mwenye kuomba hukumbushwa kila siku kuwa yeye naye ni mhitaji, basi huweza kubaki.

Katika Injili wanayoisoma muna habari ya Siku ya Hukumu, ambapo watu waulizwa juu ya mwenye njaa, na mgonjwa, na aliyefungwa, na kuambiwa kuwa waliyemtendea yule mnyonge wamemtendea mwenye kuhukumu. Aliyesoma hadithi atashtuka, maana katika Sahihi Muslim muna Hadithi Kudusi ya maana iliyo karibu sana na hiyo: mja ataulizwa kwa nini hakumzuru mgonjwa, kwa nini hakumlisha aliyeomba. Na Suratul Maun, ambayo watoto wetu waihifadhi kabla hawajang'oa meno ya utoto, yamtaja anayemsukuma yatima na anayesali huku ameghafilika katika pumzi moja. Mungu Mwenyewe aliyaunganisha hayo. Sisi ndio tuyatenganishao.

JINA SI MWENDO

Nisije nikasingiziwa kuwa nimelewa sifa za watu. Pwani yetu yaijua Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu ule wa Kilifi, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu walioingia humo kwa jina la imani ya Kikristo, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa. Na sisi tusijifiche nyuma ya hilo, kwa kuwa tarehe 2 Aprili 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, waliouawa walikuwa 148, na wauaji walilitaja jina la dini yetu. Jina kila mtu aweza kulivaa. Kinachomjulisha mtu ni mwendo wake, na gharama aliyo tayari kulipa.

Desemba ya mwaka ule ule wa 2015, basi liendalo Mandera lilisimamishwa na watu wenye silaha waliotaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, na Januari 2016 akafa kwa majeraha yake. Nilipomtaja kule Makueni, wale wazee walikuwa wamekwisha msikia. Hawakuniuliza alikuwa wa dini gani katika dini zetu. Walisema alikuwa mwalimu.

NA SISI JE?

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Sisi watu wa Pwani si mabahili. Ramadhani ikiingia, futari hujaa mabarazani, na mayatima hushonewa kanzu na kununuliwa viatu vya Idi. Hupigwa picha, hutajwa misikitini, na wafadhili huombewa dua. Ni jambo jema na Mungu alipokee. Lakini mfunguo mosi ukiingia, yatima yule yuko wapi? Nani humuuliza kwa nini hakunawa?

Kutoa ni rahisi kuliko kukaa. Aliyetoa amemaliza, anayekaa hamalizi. Na mafunzo ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hayakuishia kwenye kutoa. Aliahidi kuwa mlezi wa yatima atakuwa karibu naye Peponi kama vidole viwili vilivyokaribiana, naye mwenyewe alikuwa yatima aliyelelewa na babu kisha ami. Hakukuzwa na mfuko wa sadaka. Alikuzwa na watu, ndani ya nyumba.

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, na Lamu, na Malindi, muna majumba ya wazee wetu ambamo anaishi bibi mmoja peke yake, watoto wamekwenda Ghuba au Ulaya, naye ameachiwa simu na ufunguo. Mtaa wa pili muna watoto waliofiwa, wanaozungushwa kutoka kwa jamaa huyu hadi kwa yule. Wakfu tunazo, na Tume ya Wakfu tunayo tangu enzi za mkoloni. Mipango hii haihitaji padri wala fedha za Marekani. Yahitaji kadhi, na kamati ya msikiti, na bibi mmoja aulizwe kama angependa nyumba yake iwe na kelele tena. Kisha afuatwe, asaidiwe, asiachwe na mzigo peke yake.

Wakristo wa Kitui na Makueni hawakunifanya niitilie shaka dini yangu. Wamenifanya niisome upya. Nimewaona wanatoka katika ibada yao na ibada inatoka nao, inavuka kizingiti, inakwenda mtoni kubeba mawe, inakwenda jikoni kwa susu. Kurani yatwambia kuwa lau Mungu angetaka angetufanya umma mmoja, lakini ametufanya mbalimbali ili tushindane katika mambo ya kheri. Mashindano hayo Ukambani yameanza kitambo. Ijumaa hii, tukishatoa salamu kulia na kushoto, kila mtu na amtazame aliye upande wake na kumuuliza: katika mtaa wetu, ni yatima gani, na ni bibi yupi?